Mtoto wa miezi 11 anaomba kila kitu kwa alama moja: nimekosea wapi?

Swali: Assalamu alaykum. Niko Wete, Pemba. Mwanangu ana miezi 11. Tangu alipofika miezi 9 namwonyesha alama tatu: ya kunyonya (nakunja na kukunjua ngumi), ya "tena" (nagonganisha ncha za vidole vya mikono miwili) na ya "imekwisha" (nakung'uta viganja). Ya kunyonya kaishika. Ya "tena" kaishika pia, lakini sasa anaitumia kwa kila kitu, hata akitaka kushuka mapajani au kuchukua simu yangu. Ya "imekwisha" hafanyi kabisa. Mavyaa wangu ananambia nikiendelea na mambo haya mtoto atakuwa bubu. Niache?

Jibu: Waalaykum salaam, dada. Usiache, na hiyo "tena" ya kila kitu isikutie wasiwasi. Kwako wewe ile alama ni "tena". Kwake yeye ni "nataka". Aliona kila akigonganisha vidole kuna kitu kinakuja, basi akaifanya ufunguo wa milango yote. Akianza kusema utayaona hayo hayo mdomoni: paka ni paka, na mbuzi naye ni paka.

Usimkataze wala usimshike vidole kumsahihisha. Mtazame macho yake yanakwenda wapi, umtajie kile anachokitaka, kisha umwonyeshe njia iliyo bora zaidi. Akigonganisha vidole huku anaangalia chini, sema "unataka kushuka", gusa mkeka kwa kiganja, halafu mshushe. Kama ni simu, inyooshee kidole na uitaje, hata kama humpi. Kunyoosha kidole ndiyo alama ninayoitaka kwa mtoto wa umri wake kuliko zote, kwa sababu kidole kimoja kinamtosha kwa vitu vyote vya nyumbani. Na tafadhali usimzuilie kikombe mpaka afanye alama. Mtoto mwenye kiu hajifunzi, analia tu.

Sasa hiyo "imekwisha". Nakisia unaionyesha wakati anadai uji zaidi na macho yake yako kwenye bakuli, kwa hiyo mikono yako haioni. Subiri bakuli liwe tupu kweli, mwinamishie alione ndani, akuangalie usoni, hapo ndipo ukung'ute viganja. Neno nalo liwe moja. Wewe ukisema "imekwisha", baba yake "hamna", bibi yake "basi", mtoto anafundishwa maneno matatu kwa mpigo. Inawezekana pia kwamba anaifanya na wewe huijui. Kliniki niliwahi kuletewa mtoto ambaye kila sahani ikiwa tupu huinua mikono yote miwili. Mama yake alilalamika kuwa hataki kukung'uta viganja. Kumbe nyumbani kwao wakimaliza kula huomba dua, na mtoto alikuwa anasema "imekwisha" kila siku kwa namna aliyoiona. Akitumia mkono wa kushoto mwache pia, adabu ya mkono wa kulia ina wakati wake.

Kuhusu ububu, mavyaa wako hana haja ya kuogopa. Mkono hutangulia kutii kuliko ulimi. Ili mtoto atamke neno moja, pumzi, koo, ulimi na midomo lazima vikubaliane kwa wakati mmoja, na kazi hiyo inachukua miezi. Utafiti wa Susan Goodwyn na Linda Acredolo wa Marekani, uliotoka mwaka 2000, ulianza na watoto wa miezi 11 kama wako, ukawafuata mpaka miaka 3, na waliofundishwa alama hawakuchelewa kusema. Lakini usiwaamini wanaokwambia kuwa alama zitamfanya awe na akili kushinda wenzake. Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuata watoto 40 tangu miezi 8 hadi 20, na haukuona tofauti ya lugha. Waliobadilika ni kina mama: walizidi kuzisoma dalili za watoto wao. Mimi faida hiyo inanitosha.

Sharti ni kuwa kila alama iende na sauti. Mkono ukitembea, mdomo nao useme.

Jambo la kuangaliwa kweli ni masikio. Mwite kwa nyuma bila ya yeye kukuona. Ikiwa hageuki, au akifika mwaka hatoi sauti za "ba-ba" na "da-da", mpeleke hospitali akapimwe usikivu, usingoje chanjo ya pili ya surua na rubela ya miezi 18. Na kama katika ukoo wenu kuna kiziwi, mwombe yeye akupe alama. Hiyo ya kugonganisha ncha za vidole imetoka kwa viziwi wa Marekani. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha nyingine.

Nimalizie na mavyaa. Nani alimfundisha mtoto kupiga makofi, kupunga mkono mtu akiondoka, kutoa mkono akisalimiwa? Kama ni yeye, basi keshamfundisha alama nyingi kuliko wewe. Mwachie "imekwisha" aisomeshe yeye, hasa kama ndiye anayemlisha uji wa asubuhi.