Jibu: Kwa nini njia za mabasi ziwe katikati ya barabara?

Mkuu, kuhusu swali lako la njia za mabasi kuwekwa katikati ya Buena Vista Drive kule Walt Disney World, eneo la burudani la kampuni ya Disney huko Florida, Marekani: pembeni kuna magari yanayokata kuingia hotelini na kwenye maegesho, basi lingekwama nyuma yao. Ni mtindo uleule wa mwendokasi wa Dar. Ugumu hubaki kwenye makutano, maana basi linalotaka kukunja lazima lipewe taa yake.

Kuhusu nani analipa, barabara nyingi za ndani ziko chini ya wilaya maalumu, yaani mamlaka ya umma ya eneo hilo, iliyoundwa 1967, ikabadilishwa jina 2023. Hukopa kwa hatifungani, hulipa kwa kodi ya ardhi, na mlipaji mkubwa ni Disney yenyewe. Binafsi ningeanza na njia za mabasi kabla ya kupanua chochote.