Dead to Me: Judy alimpenda Jen, au alikuwa akilipa deni?

Mwenzetu aliyefungua uzi huu ameuliza kama urafiki wa Jen na Judy katika tamthilia ya Dead to Me ni urafiki wa kweli, au ni dhamira inayomsuta mtu mmoja ikajifunga kanga ya urafiki. Ameongeza kwamba yeye binafsi haoni adabu katika kuufanyia msiba mzaha. Nimesoma majibu yaliyotangulia, na wengi wenu mmeshamhukumu Judy kuwa mnafiki. Naomba nipinge, na sababu zangu ni mbili: tamthilia yenyewe nimeitazama yote mara mbili, na katika maisha yangu nimewahi kupikiwa katogo, kile chakula cha asubuhi cha matoke, kwa muda wa miezi mitano na mtu aliyekuwa amekula mabugo, yaani michango ya rambirambi, ya msiba wa mume wangu.

Ambaye hajaitazama na hapendi kuharibiwa utamu, basi aishie hapa, kwa sababu siwezi kulijibu swali hili bila kutoboa siri.

Kwa wasioijua kabisa, tamthilia hii imebuniwa na Liz Feldman na kurushwa na Netflix katika misimu mitatu: Mei 2019, Mei 2020 na Novemba 2022. Jumla yake ni sehemu 30, kila moja ikichukua takriban nusu saa. Mahali ni Laguna Beach, mji wa watu wenye nafasi zao katika pwani ya California. Jen Harding, anayeigizwa na Christina Applegate, ni dalali wa nyumba mwenye watoto wawili wa kiume, na mumewe Ted amegongwa na gari usiku alipokuwa akikimbia kwa mazoezi, dereva akatoroka. Katika kikundi cha wafiwa kinachoongozwa na mchungaji mmoja mchangamfu kupita kiasi, Jen anakutana na Judy Hale, anayeigizwa na Linda Cardellini, mwanamke mpole anayefanya kazi katika makao ya wazee na anayechora picha. Judy anasema amefiwa na mchumba. Baadaye inagunduliwa kwamba mchumba huyo, Steve, yu hai na mzima wa afya, ila amemwacha. Hilo peke yake lingetosha kuvunja urafiki. Lakini sehemu ya kwanza haijaisha, mtazamaji anaonyeshwa gari lililofichwa katika ghala, limebonyea kwa mbele, na hapo tunaelewa kwamba Judy ndiye aliyekuwa kwenye usukani usiku ule Ted alipogongwa.

Huo ndio ufundi wa kwanza ninaoomba muutazame vizuri. Mwandishi mwingine angeificha siri hiyo hadi mwisho ili atushtue. Feldman ametupa sisi siri mapema, akamnyima Jen, kwa hiyo tangu hapo kila jema analolifanya Judy lina maana mbili. Anawahurumia watoto, nasi twajua ni nani aliyewafanya mayatima. Anasikiliza simu za usiku za Jen asiyepata usingizi, nasi twajua naye hapati usingizi kwa sababu gani. Kisha Jen anamkaribisha akae katika nyumba ndogo ya uani iliyokuwa studio ya muziki ya Ted, na yeye anakubali, analala katikati ya vyombo vya marehemu. Kicheko kinakwama kooni, nacho kinapokwama ndipo tamthilia inapokuwa imefika ilikokuwa ikienda.

Sasa niseme yangu, maana jukwaa hili lilianzishwa kwa ajili ya watu kueleza walichokiona.

Ninaishi Walukuba, hapa Jinja, Uganda, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi waliotoka kila upande wa nchi na nje yake, ndiyo maana Kiswahili hapa hakikuhitaji kufundishwa na mtu. Mume wangu alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, naye alifariki kwa ugonjwa mfupi, si barabarani kama tulivyokuwa tukihofia miaka yote. Watu wa munno mukabi, yaani kile chama cha mtaa cha kufaana katika vifo, walikuja siku ileile na sufuria zao, viti na turubai. Mweka hazina wao alikuwa mwanamke niliyemjua kwa sura tu. Hatukuwa na jambo la kutukutanisha: mimi ni mtu wa kusema sana na kukasirika upesi, yeye ni wa kuinamisha kichwa na kusema “ni kweli, dada” hata usiposema neno. Yeye ndiye aliyeshika daftari la mabugo, na jioni ya kuamkia mazishi akalisoma mbele ya waombolezaji, jina kwa jina, mpaka shilingi 1,860,000.

Nilikabidhiwa 1,310,000. Sikuhesabu. Mfiwa gani huhesabu?

Turubai likafungwa na ndugu wakatawanyika, na kikaja kile kimya ambacho tamthilia inakijua vizuri sana. Katika mandhari ya mwanzo kabisa jirani anamletea Jen chakula mlangoni pamoja na maneno ya huruma, na Jen anamjibu kwa ukali mpaka mtu wa watu anabaki hajui aangalie wapi. Niliicheka mandhari ile kwa sauti, kwa sababu nami niliwahi kumwambia shemeji mmoja aliyesema “Mungu amempenda zaidi” kwamba angempenda basi hata mwenye nyumba, kwa kuwa kodi ilikuwa imefika. Wote waliniepuka baada ya hapo. Mweka hazina peke yake hakuniepuka. Alikuja kila asubuhi saa moja, akawasha sigiri yangu, akapika katogo ya matoke na maharagwe, akanikalisha chini nile. Jumapili alileta mukene, wale dagaa wa ziwani. Mtoto wangu mdogo akaanza kumwita mama mdogo.

Siri ilifichuka kwa sababu ya pini. Madaftari haya ya kurasa 48 hushikwa katikati kwa pini mbili, na karatasi moja ndiyo hufanya kurasa za upande huu na za upande wa pili. Ukichana nusu moja, nusu nyingine hubaki inaning’inia, na siku moja itaanguka. Asubuhi moja daftari lile la mabugo lilikuwa juu ya meza yangu, nikaliinua ili nifute vumbi, karatasi moja ikadondoka. Ilikuwa na hesabu za mwisho, za wakwe na majirani wa barabara ya chini. Nikatafuta nusu yake ya mwanzo, yenye majina ya madereva wenzake mume wangu, watu waliochanga noti kubwa kubwa, nisiione. Nikamwuliza, “Mwenzangu, mwenzake huyu yuko wapi?” Alikuwa ameinama anapepea makaa. Hakuinuka. Akasema, “Mwenzake ndiye aliyechemsha chai uliyokunywa, dada.”

Nilicheka. Naapa nilicheka mpaka nikashika ukuta, kicheko cha kwanza tangu tumzike yule bwana, halafu nikamfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Shilingi 550,000 alikuwa amezilipa karo, binti yake aliporudishwa nyumbani katikati ya muhula, akijiambia kwamba atazirudisha kabla sijajua.

Nasema haya ili nirudi kwa Judy. Wanaosema kwamba alikuwa “akilipa deni tu” hawajawahi kutazama jinsi deni linavyolipwa. Mtu anayesutwa na dhamira huleta kilo ya sukari, huja mara mbili, mara tatu, kisha hubadilisha njia ili asikuone. Dhamira inaweza kumfikisha mtu mlangoni, siwezi kubisha. Haiwezi kumfanya akumbuke kwamba mtoto wako wa pili hali vitunguu. Judy angeweza kuhama mji. Badala yake anazidi kuingia ndani ya nyumba ileile inayoweza kumpeleka gerezani, na Cardellini anaigiza jambo hilo usoni tu: anatabasamu kwanza, kisha macho yanachelewa kulifuata tabasamu. Mtazame anapokuwa na wale watoto, mwanamke ambaye mimba zake zimeharibika mara kwa mara, halafu uniambie kama pale kuna hesabu ya deni.

Jambo la pili ambalo wengi wamelipita ni kwamba Jen si malaika aliyedhulumiwa. Msimu wa kwanza unafungwa na maiti ya Steve ikielea katika bwawa la kuogelea la nyumba yake, na katika msimu wa pili ni Jen anayemficha Judy ukweli kuhusu namna kifo hicho kilivyotokea. Mizani imegeuka. Sasa mwenye siri ni yule aliyekuwa akidai haki, na maiti iko ndani ya friza gerejini wakati maisha yanaendelea jikoni, watoto wanataka kula, wateja wa nyumba wanapiga simu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wanawake hawa wawili wanaaminika: hawakai wakaelezana jinsi wanavyopendana, bali wana kazi ya kufanya, kazi chafu, na kila mmoja anaijua zamu yake.

Mwenzetu mmoja hapo juu ameandika kwamba hadithi kama hii haiwezekani kwetu, kwa kuwa Laguna Beach kila nyumba ina geti lake, na huku kwetu ukikohoa jirani anakuambia pole. Nami nilidhani hivyo. Lakini Walukuba ambako ukuta mmoja hugawa familia mbili, siri ya 550,000 ilikaa miezi mitano, tena waliokuwa wanaijua walikuwa wengi. Geti halikuhitajika. Kila mtu alidhani mwenzake ameshaniambia.

Kasoro zipo, na sitazificha. Kumrudisha James Marsden, aliyemwigiza Steve, katika msimu wa pili kama Ben, pacha wa Steve, ni hila ya tamthilia za mchana. Mwandishi anajua hivyo na anaicheka mwenyewe, lakini kuna sehemu mbili tatu ambapo mimi sikucheka naye. Polisi wao wanakaribia ukweli mara nyingi mno bila kuushika. Msimu wa tatu una haraka mahali na uzito mahali, ingawa nimeuheshimu zaidi baada ya kujua kwamba Applegate aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa neva uitwao multiple sclerosis mwaka 2021, wakati msimu huo ukiendelea kupigwa picha, kazi ikasimama kwa miezi, naye akarudi kuimaliza. Ndani ya hadithi yenyewe anayeumwa ni Judy, ana saratani, na Jen ndiye anayemuuguza mpaka safari yao ya Mexico. Nikiwatazama sikuweza tena kutenganisha ni yupi aliyekuwa akimtegemeza mwenzake.

Kuhusu adabu ya kucheka msibani, nadhani aliyeuliza amesahau matanga yetu wenyewe. Usiku wa manane, wazee wakiwa wamezunguka moto, ni nani asiyesimulia ujinga wa marehemu? Matusi ya Jen, hayo ni suala jingine, mtu asiitazame na wakwe.

Mweka hazina alikaa siku kumi na sita bila kuja. Siku ya kumi na saba nilisikia sufuria ikiwekwa nje ya mlango, na juu ya mfuniko kulikuwa na noti ya 20,000 iliyokunjwa mara nne. Sikumwita ndani. Kesho yake nilimwita, kwa sababu mwanangu alikuwa na homa na yeye ndiye aliyejua dawa ya mwisho ilitolewa saa ngapi. Amekuwa akilipa kidogo kidogo tangu hapo, na sasa zimebaki 40,000, ambazo nimekataa kuzipokea mara mbili kwa visingizio.

Tamthilia hii mara ya pili niliitazama naye, kwenye simu ya binti yake, yule yule wa karo. Kiingereza hakimwendei vizuri, kwa hiyo nilikuwa namtafsiria kama wale maveejay, watafsiri wa sauti wa vibanda vya filamu, nikiongeza chumvi yangu pale Jen anapotukana. Lilipotokea lile gari lililobonyea nikasimamisha picha ili nieleze. Hakuuliza kitu, ila nilimwona akigeuka kutazama sigiri. Tulipomaliza sehemu ya mwisho alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, “Lakini dada, lile deni Judy alilimaliza?” Kabla sijajibu alikuwa ameshafungua pindo la leso na kutoa zile 40,000. Nikamwambia aziweke kwanza, awashe sigiri tunywe chai, na asiguse daftari la mtu.