Falsafa kwa wanafunzi wa kidato cha tano: nianzie wapi?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninafundisha Historia katika shule ya sekondari hapa Kigoma na ninasimamia klabu ya midahalo. Wanafunzi waliniomba niwaeleze falsafa. Niliandika ubaoni matawi yake makuu pamoja na maana ya kila moja. Walinakili, kisha wakanyamaza. Nifanyeje?
Mwalimu, Kigoma

JIBU: Mwalimu, maana ulizoandika hazina kosa, ila zimekuja mapema. Kila tawi la falsafa limeota kutokana na aina fulani ya maswali, na mwanafunzi hawezi kulielewa kabla swali lenyewe halijamkaa kichwani. Bahati nzuri, mambo ya kuulizia mnayo hapo hapo mlipo.

Anza na metafizikia, tawi linalouliza vitu ni nini hasa, ambayo walimu wengi huiogopa. Wasimulie habari za meli ya MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipande vipande, ikaunganishwa na kushushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Baadaye injini za mvuke ziling'olewa, zikafungwa za dizeli. Sasa waulize: je, ni meli ileile? Atakayejibu kwamba ni ileile kwa kuwa bodi halikubadilika, mwulize kama mabati yote yangebadilishwa moja moja, ingeacha kuwa Liemba kwenye bati la ngapi. Mwandishi wa Kigiriki Plutarch anaeleza kwamba wanafalsafa walibishana vivyo hivyo kuhusu jahazi la Theseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, lililokuwa likitolewa mbao zilizooza na kutiwa mpya. Usiwape jibu. Wakifika mahali pa kuuliza kama mzee ni mtu yuleyule aliyekuwa mtoto, wameshaingia katika metafizikia kwa miguu yao.

Kwa epistemolojia, tawi linalouliza tunajuaje tunachokijua, nendeni Ujiji. Kila mwanafunzi anajua kwamba mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmisionari na mvumbuzi Livingstone pale mwaka 1871. Amejuaje? Stanley alitangaza tarehe 10 Novemba, lakini tarehe za Livingstone, aliyekuwa amepotewa na hesabu ya siku, hazilingani na hiyo. Yale maneno mashuhuri, "Dkt. Livingstone, nadhani?", yametufikia kwa kalamu ya Stanley, na ukurasa wa shajara yake unaohusu mkutano huo umechanwa. Hapo ndipo mwanafunzi anapoona umbali uliopo kati ya kusadiki jambo, kuwa na sababu nzuri ya kulisadiki, na kulijua. Mwanafalsafa wa Kigiriki Plato alilichambua suala hilo katika kitabu chake Theaetetus. Kwa mwalimu wa Historia sioni somo lenye manufaa kuliko hili, na ningelitengea vipindi viwili au vitatu, kimoja kikiwa cha kupima uzito wa masimulizi ya wazee mbele ya maandishi ya wageni.

Maadili hayatakusumbua. Mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu kuanzia Mei 15 ili samaki wazaliane, na bila shaka darasani mwako wamo watoto wanaosomeshwa kwa fedha za dagaa na migebuka. Anayeitetea hatua hiyo kwa sababu samaki wataongezeka anapima tendo kwa matokeo yake, kama alivyofanya mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill. Anayesema si haki kumfanya mvuvi wa leo chombo cha kumfaidia mwingine anaelekea kwa Mjerumani Immanuel Kant, aliyekataza kumtumia mtu kama chombo tu. Majina hayo wayasikie baada ya kubishana.

Mantiki, yaani elimu ya hoja sahihi, ifundishe ndani ya mabishano hayo hayo. Andika ubaoni: kila dagaa ni samaki; mgebuka si dagaa; kwa hiyo mgebuka si samaki. Sentensi mbili za mwanzo ni kweli na ya tatu ni uongo, basi watafute penye ufa, ndipo uwatajie Aristotle, aliyeweka misingi ya elimu hiyo.

Ujumi, yaani falsafa ya uzuri na sanaa, unaweza kusubiri. Mwombe mwalimu wa fasihi ya Kiswahili akusaidie, kwani wanafunzi wake huwa tayari wanabishana kama shairi lisilo na vina ni shairi.