Kyushu: panga kwanza usiku wa milimani, miji itafuata

Ratiba nyingi za Kyushu, kisiwa kikubwa cha kusini-magharibi mwa Japani, huanza na Fukuoka, zikaongezewa Nagasaki na Kagoshima, kisha mtu akatafuta siku moja ya kuichomeka volkano ya Aso katikati. Hiyo siku moja ndiyo inayovuruga safari nzima. Mijini treni ni nyingi, na ukikosa moja unapanda inayofuata. Milimani mabasi ni machache kwa siku, viti hujaa, na volkano yenyewe hufungwa bila kukupa taarifa. Kwa hiyo weka usiku wa milimani kwanza, ndipo uizungushie miji.

Ielewe reli kabla ya kuamini umbali wa kwenye ramani. Upande wa magharibi kuna Shinkansen, treni ya mwendo kasi: kutoka Hakata, stesheni kuu ya Fukuoka, hadi Kagoshima-Chuo ni kama saa moja na nusu. Upande wa mashariki ni treni za kawaida za mwendo wa kati: Oita hadi Miyazaki peke yake ni kama saa tatu, na Miyazaki hadi Kagoshima saa mbili nyingine na ushee. Anayetaka kuzunguka kisiwa chote kwa siku saba atamaliza siku mbili dirishani. Ramani za zamani pia huonyesha reli ya mlimani inayopita Hitoyoshi. Mafuriko ya Julai 2020 yaliibomoa na treni zikasimama, basi usiitegemee.

Kwa siku tisa au kumi, mpangilio unaofaa ni huu: Fukuoka usiku mbili, Beppu (mji wa majimoto, yaani chemchemi za maji ya moto) mbili, Kurokawa (kijiji cha majimoto milimani) mmoja, Aso mbili, Kagoshima mmoja, kisha urudi Fukuoka. Nagasaki ni mji wa thamani kubwa, na Bustani ya Amani pale inahitaji utulivu, si kupita mbio. Uipe usiku mbili zake au uiache kwa safari nyingine. Tangu Septemba 2022 unafika huko kutoka Hakata kwa kama saa moja na nusu, ukibadilisha treni Takeo-Onsen, ambako treni ya pili inakusubiri upande wa pili wa jukwaa hilo hilo.

Sababu ya kuipa Aso usiku mbili ni gesi. Kasoko ya Nakadake, yaani mdomo wa volkano ya Aso, hutoa gesi ya salfa, na upepo ukigeuka walinzi huwaondoa watu papo hapo. Inaweza kufunguliwa baada ya saa moja, inaweza kufungwa siku nzima. Mwenye pumu, ugonjwa wa mapafu au wa moyo haruhusiwi kusogea kabisa, na hilo si la kubishana. Tahadhari ya volkano ina ngazi tano. Ikifika ya pili tu, eneo la kilomita moja kuzunguka kasoko hufungwa. Angalia hali hiyo mtandaoni kila asubuhi kabla ya kupanda basi kutoka stesheni ya Aso. Ukiwa na asubuhi mbili, una nafasi mbili. Kukiwa kumefungwa, shuka uwanda wa Kusasenri wenye majani na farasi, au nenda Daikanbo kwenye ukingo wa kaskazini, ambako unaliona bonde lote lenye upana wa kilomita 18 kwa 25, mashamba na nyumba vikiwa ndani ya volkano. Wapo watakaokuambia mandhari hayo yanaishinda kasoko yenyewe, na wana hoja.

Kutoka Beppu au mji jirani wa Yufuin kwenda Kurokawa na kushukia Aso ni kwa basi, na kiti lazima uwe umekiweka mapema. Kata hiyo tiketi kabla ya kulipia hoteli yoyote. Gari la kukodi husaidia hapa kuliko mahali pengine popote kisiwani, na kwa kuwa Wajapani huendesha kushoto kama sisi wa Kenya, Tanzania na Uganda, barabara haitakushangaza. Tatizo ni leseni. Japani inatambua kibali cha kimataifa kilichotolewa chini ya Mkataba wa Geneva wa 1949. Kile cha Vienna cha 1968 watakirudisha mezani. Uganda, Rwanda na Kongo zimo kwenye mkataba wa 1949, lakini ofisi ya magari itatazama mwaka ulioandikwa kwenye jalada la kijitabu chako.

Usinunue pasi ya treni ya JR Kyushu, kampuni ya reli ya kisiwa hiki, kabla ya kupiga hesabu. Siku zake huhesabiwa mfululizo, kwa hiyo siku unayokaa Kurokawa, kusiko na reli, nayo inaliwa. Nauli ya Hakata hadi Kagoshima kwa kwenda tu inazidi yen 10,000, hivyo pasi ya siku tatu hulipa endapo safari zako ndefu zimebanana pamoja. Pia haikuruhusu kupanda Shinkansen kati ya Hakata na Kokura, maana kipande hicho ni cha kampuni nyingine. Kwenda Beppu panda treni ya Sonic, kama saa mbili. Ikifika Kokura inageuza mwelekeo, na abiria husimama na kuzungusha viti vyao.

Viti vya treni hufunguliwa mwezi mmoja kabla, saa 10:00 asubuhi ya Japani. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, kwa hiyo namba unayoiona kwenye saa ya stesheni ya Hakata ndiyo saa ya Kiswahili nyumbani: kwao 10:00, kwetu saa kumi alfajiri.

Kadi za nauli za kugusa hufanya kazi karibu kila mji, ila mabasi ya Kumamoto yaliacha kuzipokea Novemba 2024. Tembea na sarafu. Sanduku kubwa lisikufuate mlimani: litume kutoka hoteli moja hadi nyingine kwa huduma ya vifurushi iitwayo takkyubin, ubaki na begi la mgongoni.

Kwa wasiokula nguruwe, jua kwamba mchuzi wa rameni (supu ya tambi) ya Fukuoka ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi. Nyumba za wageni za kijadi huandaa chakula cha jioni mapema, kwa hiyo sema usichokula siku unayoweka nafasi, wala si unapofika. Beppu ina msikiti, na katika mtaa wake wa Kannawa unaruhusiwa kuleta mayai, viazi vitamu na samaki wako ukavipika kwa mvuke wa ardhini. Kwenye majimoto watu huoga bila nguo, wanaume kwao na wanawake kwao. Asiyeridhia akodi bafu la faragha, linaitwa kashikiri.

Epuka Juni hadi katikati ya Julai kwa sababu ya mvua, na wiki ya 29 Aprili hadi 5 Mei kwa sababu Wajapani wote wako safarini. Kutoka katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Novemba ndio wakati mzuri kuliko wote. Agosti na Septemba ni msimu wa vimbunga. Kampuni za reli hutangaza kusimamisha treni siku moja kabla, na boti za kwenda kisiwa cha Yakushima hazitoki. Kisiwa hicho, chenye njia ya kilomita 22 kwenda na kurudi hadi mwerezi wa kale uitwao Jomon, kiache kama huna siku kumi na mbili.

Ratiba ya siku kwa siku utadaiwa ubalozini unapoomba viza, hivyo iandike vizuri tangu mwanzo, tarehe na hoteli. Na usiku wa mwisho lala Fukuoka. Treni ya chini ya ardhi kutoka Hakata hufika uwanja wa ndege kwa dakika tano au sita, lakini inaishia kwenye jengo la safari za ndani. La kimataifa unafika kwa basi la uwanja, kwa hiyo ongeza nusu saa.