Hesabu mafahali kwanza: kwa wanaoanza kazi ya kuzalisha na kuhifadhi ng'ombe wa asili

Majike 100 wakipandwa na fahali mmoja, kwa hesabu ya urithi (yaani wingi wa damu tofauti kundini) wana thamani ya wanyama 4 tu. Kanuni yenyewe: zidisha 4 kwa mafahali kwa majike, kisha gawanya kwa jumla ya wote. Fahali wakiwa 5, jibu linapanda hadi 19. Lakini nunua majike hata wafike 1,000 kwa fahali yule yule mmoja, utabaki kwenye 4. Wageni wengi hupoteza pesa hapo.

Historia nayo inaonyesha uzito wa fahali. Ng'ombe wasio na nundu walianza kufugwa Mashariki ya Karibu miaka 10,000 hivi iliyopita. Zebu, yaani ng'ombe wenye nundu, walitokea Bonde la Indus baadaye. Zebu wengi wa Afrika hadi leo wana urithi wa upande wa mama kutoka kwa wale wasio na nundu. Nundu ililetwa zaidi na mafahali.

Mwondoe fahali kabla mabinti zake wa kwanza hawajaingia joto; wakilishwa vizuri huwahi, usingoje miaka 3. Akimpanda binti yake, ndama ana kiwango cha asilimia 25 cha kuzaliana kwa ndugu. Madhara huja kimyakimya: majike kurudia joto, ndama dhaifu, vifo kabla ya kuachishwa kunyonya, na lawama zote huangukia malisho. Mkibadilishana fahali na jirani, apimwe kwanza ugonjwa wa kutupa mimba.

Kwenye kuchagua majike, daftari ndilo linaloharibu kazi. Zebu wengi hawashushi maziwa mpaka ndama aanze kunyonya, kwa hiyo ndoo haionyeshi maziwa yote. Pima mara moja kwa mwezi, asubuhi na jioni, na uandike chuchu ngapi ameachiwa ndama. Aliyekamuliwa chuchu 3 halinganishwi na aliyekamuliwa 2.

Chotara? Sawa, lakini tumia majike wa ziada, kundi la msingi, lile la ng'ombe halisi, lisiguswe. Nguvu ya uchotara, yaani ubora wa ziada anaoupata chotara, hupungua nusu mara tu chotara wakipandana wenyewe kwa wenyewe.

Usiegemee mtungi wa mbegu za fahali zilizogandishwa peke yake, hata zikihifadhiwa vizuri kwa nyuzi −196. Majike halisi wakiisha, utapanda wa aina nyingine, na damu itarudi polepole: asilimia 50, 75, 87.5, kizazi cha 5 ndipo karibu 97. Urithi wa upande wa mama haurudi kabisa.