Maswali ya wasomaji: Smoke on the Water, mguu ndo unakuangusha

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi ni kijana wa Mbeya, nina miezi minne kwenye gitaa la umeme, kabla ya hapo nilikuwa napiga rithimu kwenye kwaya. Nimeamua kujifunza Smoke on the Water ya Deep Purple maana kila mtu anasema ndo wimbo rahisi wa kuanzia. Ule mwanzo nimeushika kwenye uzi mmoja, kipande cha kwanza kinatoka, cha pili kila siku napotea, na wenzangu wanasema hata hicho kinachotoka hakifanani na cha kwenye rekodi. Kosa ni la gitaa au langu? Halafu huo moshi wanaouimba ni moshi gani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Gitaa liache kabisa, halina kesi. Aliyekwambia ni rahisi kakudanganya nusu, kwa vidole ni rahisi kweli, kazi iko mguuni, ila mguuni tutafika.

Kwanza achana na uzi mmoja. Ritchie Blackmore, mpiga gitaa aliyeurekodi na Deep Purple, pale anapiga nyuzi mbili kwa mpigo. Chukua wa nne na wa tatu, yani D na G, zipige wazi, yani bila kubonyeza kitu, halafu freti ya 3 (nafasi ya tatu kwenye shingo ya gitaa), halafu ya 5, kidole kimoja unakilaza juu ya zote mbili. Kipande cha pili ni wazi, 3, 6, 5. Cha tatu ni wazi, 3, 5, 3, wazi. Basi, umemaliza. Ile ya wazi mwenyewe anaichukulia freti ya 5 kwenye uzi wa tano na wa nne, noti ni zilezile ila unazinyamazisha kirahisi, maana nyuzi wazi ukishahama zinabaki zinalia nyuma yako na kila kitu kinakuwa uji. Na usiweke zile pawakodi, yani kodi nzito za noti mbili, za G chini na D juu, wengi wanaweka, inatoka nzito na wanajisikia wakubwa lakini siyo yenyewe, kwenye rekodi D ndo iko chini na G imekaa juu yake.

Pili, piki, kile kiplastiki cha kupigia nyuzi, weka mfukoni. Zing'oe kwa kidole gumba na cha shahada ili zilie pamoja, maana piki hata uwe na mkono mwepesi vipi lazima iguse uzi mmoja kabla ya mwenzake, na hapo ndo wenzako wanaposikia tofauti bila kujua ni nini.

Sasa mguu. Hesabu 1, 2, 3, 4, kila namba mguu unakanyaga chini. Kipande cha kwanza kinaenda na mguu kabisa: wazi kwenye 1, freti ya 3 kwenye 2, freti ya 5 kwenye 3, hapo hata mtoto anapata. Cha pili kinakutega, kinaanza mguu ukiwa juu baada ya 4, freti ya 3 inaingia mguu uko juu baada ya 1, ile ya 6 nayo juu baada ya 2, ndo unatua na freti ya 5 mguu ukiwa chini kwenye 3. We nahisi unakisubiri hadi 1 ifike, ukija kuanza umeshachelewa, halafu unakimbiza kufidia. Kaa na kiti na mguu wako bila gitaa, kiimbe kwa mdomo huku unakanyaga, siku mbili tatu, ndo urudi kwenye nyuzi. Mi mwenyewe kilinisumbua wiki nzima na nilikuwa nishajiona fundi.

Disto, ule mkwaruzo unaoongezwa kwenye sauti, punguza. Ukiijaza mpaka mwisho hutasikia makosa yako, na hayo ndo unayatafuta.

Kuhusu moshi, ni wa kweli. Desemba 1971 Deep Purple walienda Montreux, Uswisi, kurekodi albamu kwenye kasino iliyo kando ya Ziwa Geneva. Tarehe 4 Frank Zappa, mwanamuziki wa Marekani, akawa anapiga shoo humo, mtu mmoja kwenye watazamaji akafyatua fataki ya ishara, jengo likaungua lote na moshi ukatanda juu ya ziwa, jina la wimbo akaja nalo mpiga besi wao Roger Glover. Wakahamia ukumbi mwingine, na ile midundo ya wimbo huu waliirekodi huko huku polisi wako mlangoni kwa ajili ya kelele, mafundi wao wakashikilia mlango mpaka kurekodi kukaisha! Kwa hiyo jirani yako akigonga ukuta usijisikie vibaya sana. Albamu yenyewe, Machine Head, ilitoka 1972.

SWALI: Mwalimu, nimechomeka gitaa kwenye sabufa ya nyumbani, sauti inatoka ndogo kama mbu. Limekufa? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Halijafa. Pikapu, kile kinachonasa mlio chini ya nyuzi, ni sumaku na waya tu, umeme unaotoka hapo ni mdogo mno, na sabufa imezoea kupewa sauti ambayo simu au deki imeshaipandisha. Ukifungua volyumu yote unapandisha na mkwaruzo. Tafuta kiamplifaya kidogo cha gitaa, hata cha mtumba, au pedali yenye tundu la hedifoni.

SWALI: Sina gitaa la umeme, nina galatoni, lile gitaa kavu la kawaida. Nisubiri? (Dada wa Tanga)

JIBU: Usisubiri dada yangu. Mguu ni uleule.