Uvimbe wa paja usiouma: usikatwe kwanza

Dadangu wa Likoni, umeuliza kama mama akatwe uvimbe wa paja kliniki ya mtaani, maadamu hauumi. Asikatwe bado. Saratani ya tishu laini (kama misuli na mafuta) mara nyingi haiumi mwanzoni, ndiyo maana watu huchelewa kuitibu. Uvimbe uliozidi sentimita 5, unaokua, uliozama ndani ya msuli, huo ni wa kushukiwa. Apigwe kwanza picha ya MRI (ya mashine ya sumaku), kisha achukuliwe vipande vidogo vya uvimbe huo kwa sindano nene, vipimwe maabara. Vihifadhiwe kwenye fomalini (dawa ya kuzuia visiharibike) ya asilimia 10. Uvimbe wa saratani hii huonekana una ganda safi, kumbe ganda lenyewe lina seli za saratani: ukichomolewa kiholela, seli hubaki na uvimbe hurudi. Ombeni rufaa ya Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa. Ikithibitika ni saratani, kifua nacho kipigwe CT (eksirei ya kompyuta), kwani saratani hii husambaa zaidi mapafuni.